Redio Kwenye Jiwe la Kuitia

Mwanangu, katika siku zote nilizoishi huku milimani ipo moja ambayo hainitoki kichwani, nayo naikumbuka kwa sauti zake kuliko kwa sura za watu. Nakumbuka treni iliyokuwa inapita Amerika, na wanawake wakipiga kelele bondeni kwetu. Nakumbuka pia kimya kilichotangulia, maana kimya nacho kina sauti yake, na ukija kukaa peke yako utaijua.

Vile vidude vya masikioni vitoe kwanza. Sivichukii. Juzi mjukuu wangu alinichomekea kimoja sikioni, nikamsikia kinyozi wa Amerika akisimulia vichwa alivyonyoa tangu ujana wake. Mkasi unalia, mlango wa duka una kengele, mteja anakohoa. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Watu wa kule wana ufundi huo, wa kuchukua maisha ya mtu wa kawaida kabisa, si waziri wala mwimbaji, wakayaweka redioni pamoja na mlio wa kikombe chake na mbwa wake. Mjukuu alidhani ananionyesha jambo jipya. Kumbe vipindi vya namna hiyo nilivijua kabla mama yake hajazaliwa, tena vilinigharimu.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilizaliwa Muheza, kwenye joto na machungwa, mahali ambapo ukipiga chafya jirani anakuambia pole kabla hujajifuta. Nikaolewa na Eliasi, Msambaa wa huku juu ya Mponde, akanipandisha mlimani kwenye baridi na ukungu. Alikuwa kijana mwema, ila kazi yake ilikuwa ya barabara. Leo wako Korogwe wanamwaga kokoto, kesho wamehamishiwa kwingine, na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi, akijaliwa. Nikabaki mimi na mama yake, mjane aitwaye Ana, katika nyumba iliyokaa ukingoni kama kuku kwenye ua.

Mama yule hakuwa na ubaya hata chembe. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, na Kishambaa mimi sikukijua. Tukisha kusalimiana asubuhi, tukisha kuambiana unga uko wapi, maneno yametuishia. Tulilima pamoja, tukala pamoja, tukaenda kanisani pamoja, na katikati yetu palikuwa na upweke ambao ungeweza kuukata kwa kisu. Nililia sana mwaka ule, mwanangu. Nililia jikoni nikisingizia moshi, nikalia kisimani nikisingizia baridi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na hakuna aliyepona.

Eliasi aliliona hilo. Safari moja akaja na redio, ya mawe manne, yaani betri, yenye mkono mrefu wa kunasia mawimbi. Ndani ya nyumba ilikoroma tu. Nikaizungusha uwanja mzima mpaka nikafika kwenye jiwe kubwa lililo ukingoni mwa ua, pale ardhi inapoporomokea bondeni. Juu ya jiwe lile ikasema waziwazi kama mtu aliyekaa pembeni yangu, na iliyosema ilikuwa redio ya Amerika, kwa Kiswahili safi.

Kila jioni kulikuwa na habari, na baada ya habari kulikuwa na kile kipindi. Palikuwa na bwana mmoja anayezunguka nchi ile na kinasa sauti begani, akiingia kwenye nyumba za watu. Kwanza unamsikia Mmarekani mwenyewe kidogo, na Kiingereza chake cha puani, kisha sauti yake inashushwa, Mswahili anaingia juu yake akitafsiri. Mimi nilikipenda kile kipande cha mwanzo, kabla ya tafsiri. Sikuelewa neno, lakini nilisikia mtu akivuta kiti. Nilisikia theluji ikisagika chini ya viatu, mashine za kufulia, na dereva wa basi la shule akiwataja watoto kwa majina. Yule mzee aliyekuwa akiwaita ng'ombe wake alfajiri, katika nyanda za ngano zisizo na kilima hata kimoja, nilimhurumia kwa kukosa vilima, mimi niliyekuwa nalia kwa sababu ya vilima.

Nikaanza kucheka. Nikaanza kungojea jioni. Mama mkwe aliona.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua, maana nilikuwa mtu wa tambarare. Huku milimani nyumba ya mwenzako unaiona, unaona na moshi wake na nguo alizoanika, lakini kumfikia ni kushuka bonde zima, kuvuka mto, na kupanda upya. Kwa hiyo watu huitana. Mtu anasimama mahali panapotoa sauti vizuri, anaita, na wa upande wa pili anaitika. Kila boma lina mahali pake pa kuitia. Mahali petu palikuwa jiwe lile.

Na upande wa pili aliishi Bibi Luiza, dada mkubwa wa mama mkwe wangu, mjane vilevile, peke yake kabisa. Wazazi wao walikwisha kufa, ndugu zao walikwisha kufa, wakabaki wawili hao na bonde katikati. Miguu ya Luiza ilikuwa imeharibika, ya Ana haikuwa mizuri pia, na ilikuwa imepita miaka tangu mmoja akanyage ua wa mwenzake. Walichobakiwa nacho ni wito wa jioni. Luiza anaita kwa salamu ya Kishambaa, “Onga mshi, Anaaa!” naye Ana anaitika, wanaulizana hali, wanaambiana nani amefiwa na maharage ya nani yameliwa na nyani, wanaagana. Ni maneno machache tu, lakini ndiyo yaliyomwambia kila mmoja kwamba bado ana ndugu duniani.

Mimi niliona vikongwe wawili wanaopigiana makelele. Kwetu Muheza anayepiga kelele jioni ni mlevi au ameibiwa.

Basi jioni moja nimekaa jiweni na redio yangu, mama mkwe akaja akasimama kando yangu, akajaza kifua, akaita. Kipindi kikapotea chote. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nikamwambia kwa adabu zote, maana mkwe hasemwi ovyo: “Samahani, mama. Ukiita hapa, mimi sisikii kitu.”

Aliitazama redio, akanitazama na mimi. Najua sasa alichokiona: alimwona mtoto wa watu aliyekuwa analia kila siku, na sasa halii. Akasema, “Haya, mwanangu. Sikiliza.” Akarudi jikoni.

Hakuja tena jiweni. Baadaye nilijua alijaribu kuita mchana, lakini mchana upepo unapandisha sauti za mashamba yote na Luiza huwa amelala. Alijaribu kuitia nyuma ya nyumba, sauti ikaishia migombani. Akatuma salamu kwa mtu wa sokoni, na salamu za sokoni unazijua, huishia sokoni. Kuniambia “mwanangu, nipishe nimwitikie dada yangu” hakuniambia. Huo ndio upole wa watu wa huku, mwanangu, nao una hatari zake. Mtu atakupisha mpaka aanguke, na wewe utadhani pale palikuwa mahali pako.

Ile sauti ya upande wa pili iliendelea kuita. Niliisikia. Mtu asikudanganye kwamba redio ilinizuia kusikia. Niliisikia vizuri, “Anaaa! Anaaa!” na mimi nikaongeza sauti.

Kisha ikanyamaza. Nikashukuru.

Siku yenyewe sasa. Kipindi cha jioni ile kilikuwa cha mama mmoja wa Amerika mwenye mgahawa mdogo kando ya reli, mahali palipokwisha kuhamwa. Watoto wamekwenda mijini, mume amekufa, wateja wa kuhesabu. Lakini kila siku treni ya mizigo inapopita, dereva anampigia honi, naye anatoka mlangoni na kitambaa cha kufutia meza, anakipunga. Hawajawahi kuzungumza hata siku moja. Yule bwana wa kipindi aliturushia mlango ukifunguliwa, hatua zake kwenye mbao, treni ikija kutoka mbali, halafu honi, ndefu. Mama yule akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyekumbukwa. Moyo ukaniuma, nikalia machozi ya kweli. Nilimlilia mwanamke asiyetujua mimi wala wewe, aliye upande wa pili wa dunia.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. “Kuna msiba?” akauliza.

Nikamweleza, kwa Kiswahili na kwa mikono. Mama yuko peke yake. Treni inamwita. Yeye anaitika. Ndiyo raha yake ya siku nzima.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mungu amsaidie,” kwa sauti ya chini sana. Kisha akainua macho kutazama upande wa pili wa bonde, na mimi nikatazama alikotazama. Kila nyumba ilikuwa inapika. Nyumba ya Luiza haikuwa na moshi.

Mwiko ukamdondoka. Kabla hajafungua kinywa, zikasikika kelele kutoka chini. Wanawake wachuma chai, waliokuwa wanarudi na vikapu vyao, walikuwa wanapanda njia ya kwetu, wanaume wawili mbele, na katikati yao machela ya miti na blanketi. Walikuwa wamemkuta Bibi Luiza karibu na mto, mguu umevunjika, fimbo yake imekwenda na maji. Alikuwa ameondoka kwake asubuhi, peke yake, kwa ile miguu yake, kuja kwetu.

Walipomweka uani, mchuma chai mmoja akininong'onezea maana ya Kishambaa chao, Luiza hakulia mguu. Alisema neno moja tu, “Ana.”

“Nipo, dada.”

“Upo?” Kikongwe yule akamshika mkono, akaupapasa mpaka kwenye bega kama anayekagua kuku sokoni. “Upo kweli? Mbona huitiki? Nimeita, nimeita. Nikasema kimya kingi kina mshindo mkuu, Ana amekufa na hawa watu hawajaniambia. Nimekuja kukuzika.” Hapo ndipo alipolia. Nao wachuma chai wakainamisha vichwa, maana si jambo jema kumtazama mtu mzima akilia hivyo.

Nilisimama pale kama kigogo, hata kuamkia nikasahau. Bibi Luiza akanigeukia, machozi yanamtiririka, mguu umekaa upande, akaningoja. “Shikamoo, mama mkubwa,” nikasema. “Marahaba,” akajibu. Adabu kwanza, maumivu baadaye, ndivyo walivyokuwa.

Unajua mama mkwe alisema nini? Alisema, “Kifua kilinibana, dada. Sauti ilikatika.” Alinifunika, mwanangu, mbele ya watu wote, mimi niliyemfukuza kwenye jiwe lake. Lakini redio haikujua kufunika mtu. Ilikuwa bado inasema peke yake kule ukingoni.

“Nani yule anaongea pale pa kuitia?” Luiza akauliza. Akatazama jiwe, akamtazama mdogo wake aliyekuwa anatazama chini, akanitazama mimi, akaelewa. Nilingoja matusi. Ningeyapenda matusi. Badala yake akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mwalimu wa watoto wadogo:

“Yule mtu wa redio anajua jina lako?”

“Hapana, mama mkubwa.”

“Jioni usipokuja kumsikiliza, atauliza uko wapi?”

“Hapana.”

“Basi huyo hakuiti wewe. Anapita tu njiani kwake, na wewe umemsikia akipita. Msikilize, si vibaya. Lakini mimi nilikuwa naita.”

Mwanangu, nimehubiriwa na wachungaji wengi na nimeyasahau mahubiri yao. Hayo sijayasahau. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe. Mpaka leo sijaona haki katika jambo hilo.

Walimpeleka hospitali ya misheni, mguu ukafungwa, kisha akaletwa kwetu auguzwe. Alikaa mpaka mahindi yakakomaa. Nami nilimwogesha, nikampikia, nikamkanda, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyamaza, alinifundisha Kishambaa kwa nguvu, akinicheka kila neno. Mama mkwe alikuwa anacheka pembeni akiziba mdomo kwa kanga. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ikawa na maneno. Na redio? Luiza mwenyewe aliidai! Kila jioni, wakisha kusali, anataka abebwe mpaka jiweni asikilize “wale watu wake.” Mimi namtafsiria kwa Kishambaa changu kibovu. Alimpenda sana yule mama wa mgahawa nilipomsimulia. “Huyo ana bahati,” alisema. “Dereva wake hana mkaza mwana mwenye redio.” Alinichokoza hivyo mpaka anaondoka.

Maana aliondoka. Tulimsihi abaki, akakataa, akasema nyumba isiyopikiwa huingiwa na nyoka. Wakambeba kwa machela ileile kurudi upande wake, na akiwa anashuka akatupigia kelele bila kugeuka: “Milima haikutani, sisi tumekutana!” Jioni ile tulisimama jiweni sote wawili, redio imezimwa. Akaita, “Onga mshi, Anaaa!” Mama mkwe akaitika. Wakaulizana, wakaambiana. Nikadhani wamemaliza, nikageuka kwenda jikoni. Ndipo nikasikia, kutoka kule ng'ambo, taratibu ikivuka bonde lote:

“Rehemaaa!”

Lilikuwa jina langu. Tangu nipande milima hii hakuna aliyekuwa ameniita kwa sauti kubwa kiasi hicho. Nikaitika, nikaitika tena. Akaita kila jioni kuanzia siku hiyo, majina mawili, la Ana na langu, mpaka masika fulani alipofariki usingizini. Ana naye akamfuata. Baadaye sana Eliasi akastaafu barabara, tukazeeka pamoja kidogo, naye nikamzika.

Siku hizi hakuna anayeita bondeni. Nyumba zipo, moshi upo, na kila mtu ana simu. Watoto wangu wako Tanga na Dar es Salaam na mmoja yuko huko huko Amerika, kwenye nchi ya yule mama wa treni. Jioni nakaa uani, ukungu unapanda, nasikia mbuzi, nasikia pikipiki ikihangaika na kilima, basi. Simlaumu mtu. Lakini upweke upo, mwanangu, na nikisema haupo nitakuwa nimekudanganya.

Kwa hiyo shika haya. Visikilize hivyo vipindi vyako, vya Amerika na vya kokote. Ni vizuri. Vinamfanya mtu ajue kwamba mwenye kikombe wa kule ana moyo kama mwenye kikombe wa hapa. Ila ujue kwa nini sauti ya mbali ni tamu hivyo: ni kwa sababu haikudai kitu. Unaweza kuimwagia machozi ukiwa umekaa, na ikiisha unaizima. Sauti ya karibu inakutaka usimame. Inakuja wakati mbaya, inarudia maneno yaleyale, haina yule bwana wa kuikata panapochosha. Hiyo ndiyo inayojua jina lako. Iitikie kwanza.

Na mtu aliyezoea kukuita akinyamaza, usishukuru. Nenda ukamwone. Na kama wewe ndiye unayempisha mwenzako kwa upendo, usinyamaze kama alivyonyamaza mama mkwe wangu. Mwambie unachompa, ajue thamani ya mahali alipokaa.

Neno la mwisho, nalo nakuomba kama mzazi. Nikikupigia simu jioni, usiitazame ukasema, “Bibi ana shida gani tena, nitampigia kesho.” Sina shida. Pesa sitaki, ugonjwa sina, habari mpya sina hata moja. Nataka kusikia umeitika, halafu ukaendelee na mambo yako.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe masikio ya kusikia walio mbali na miguu ya kuwafikia walio karibu. Na siku yako ya kuwa mzee ikifika, nawe ukasimama mahali ukaita, usimkose mtu wa kusema, “Nipo.”